Mikono Inayoshika Jembe na Sindano

Ndugu msomaji, itazame vizuri mikono ya mama yeyote anayeshona kwa mkono, iwe anashona kofia ya viua, anadarizi shuka la harusi au anafuma kitambaa cha meza. Kama sindano ingekuwa ndiyo kazi yake pekee, ungekuta ncha za vidole zimekuwa ngumu kidogo, basi. Lakini hapa kwetu ni nadra kumpata mtu wa namna hiyo. Mkono ule ule uliochota maji alfajiri, ukafua, ukamenya muhogo na kupalilia, ndio unaotakiwa jioni upitishe uzi mwembamba katika kitambaa cheupe bila ya kukikwaruza.

Mama yangu mkubwa anaishi Kibiti, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Siku hizi Kibiti ni wilaya kamili, lakini zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, na watu wa ukoo wetu bado husema "sisi Warufiji" bila ya kujali mipaka mipya. Asili yao ni bondeni, kandokando ya mto. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 watu wengi wa bonde walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa huko juu, penye ardhi kavu. Waliipata nchi kavu, lakini udongo wa mpunga ulibaki chini. Kwa hiyo familia nyingi ziliendelea kulima bondeni na kulala juu, na mama mkubwa alikulia katika maisha hayo ya kupanda na kushuka.

Ukimwuliza kazi yake atakujibu kwamba ni mkulima. Hata hivyo yapo mambo mengine manne au matano ambayo hayataji kwa sababu kwake si kazi, ni maisha tu. Hupanda mpunga katika tope, huvuna ufuta, hubangua korosho, husuka ukili wa mikeka, na usiku hushona kofia. Kofia moja ya viua humchukua majuma mengi, kwa kuwa kila kitundu huzungushiwa uzi peke yake. Fedha ya kofia haichanganywi na ya chakula. Hiyo ni ya sare na madaftari ya wajukuu.

Mwaka jana, majuma machache kabla ya Idi, viganja vyake vilipasuka. Si ule ukavu wa kawaida ambao sote tunaujua. Ilikuwa mipasuko mirefu kwenye vifundo vya vidole na pembeni mwa kidole gumba, na mingine ilitoa damu kila alipokunja ngumi. Uzi ulinasa katika ngozi, ukachanika na kuota manyoya. Kisha tone moja la damu likaangukia kofia iliyokuwa karibu kumalizika. Mteja aliipokea, lakini alilipa nusu ya bei. "Mwanangu," aliniambia, "mkono umekuwa msasa. Nikigusa kitambaa, kinalia."

Ndipo nikaanza kuulizauliza na kusoma. Jambo la kwanza nililojifunza lilinishangaza, nami nadhani litakushangaza nawe. Ngozi yetu karibu mwili mzima ina tezi ndogondogo zinazotoa mafuta yake yenyewe, isipokuwa viganja na nyayo. Huko zipo tezi za jasho tu. Kwa hiyo sehemu inayofanya kazi kuliko zote ndiyo iliyonyimwa mafuta! Maji na sabuni vinapoondoa ule utando mwembamba unaoshika unyevu, kiganja hakina akiba ya kuurudisha haraka. Ngozi ya juu hukauka na kukakamaa, na kila ukunjapo kidole hupasuka palepale panapokunjika.

Sasa fikiria siku ya mama mkubwa. Ukindu hulowekwa ili ulainike kabla ya kusukwa, kwa hiyo mkono hulowa na kukauka mara nyingi. Makali ya kindu hukwangua vidole. Na ikifika zamu ya kushona zile tepe za ukili ziwe mkeka, sindano kubwa husukumwa kwa kiganja kilekile. Lakini mkosaji mkubwa, kwa maoni yangu, ni korosho. Katika ganda lake mna mafuta meusi makali yanayounguza ngozi na kuibambua. Wabanguaji wa siku nyingi hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo kabla ya kuanza ili yale makali yasishike. Mama mkubwa alikuwa akijipaka majivu. Majivu hukinga kweli, lakini nayo hukausha, na akimaliza alikuwa akiyaosha kwa sabuni ya kufulia. Tulipobadili majivu yakawa mafuta ya nyonyo, na sabuni ya kufulia ikawa ya kuogea, tofauti ilionekana kabla ya majuma mawili kwisha.

Wewe uliyeko Temeke au Ubungo huenda hubangui korosho. Lakini unafua kwa sabuni ya unga, unasugua sakafu kwa dawa ya kung'arishia nguo, na yamkini kiwandani unashika saruji au mafuta ya mashine. Ngozi haina habari na mtaa unaokaa.

Mintarafu ya tiba, usikimbilie vitu vya bei. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, mafuta ya ufuta, na yale mafuta ya mgando ya dukani yote yanafaa. Huyu mgando, ambaye mwanzilishi wake Robert Chesebrough alipata hataza yake Marekani mwaka 1872, hauongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoroke. Ndiyo sababu wakati wa kujipaka una uzito kuliko aina ya mafuta. Osha mikono, ifute kidogo ibaki na unyevu, kisha jipake hapohapo. Ukijipaka juu ya ngozi kavu umefunga mlango wa chumba kitupu.

Kwa mshonaji kuna shida ya ziada, nayo ni madoa. Mafuta yanayoponya mkono yanaharibu kofia. Suluhisho letu lilikuwa kugawa saa. Kazi ya sindano ilihamishiwa asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, mikono ikiwa imeoshwa na kufutwa kwa kitambaa cha pamba. Usiku ukawa wa mafuta: anajipaka kwa wingi, anavaa soksi kuukuu za pamba mikononi, analala. Wajukuu walicheka sana siku ya kwanza. Kabla ya kushona, kijiko cha sukari na matone ya mafuta husuguliwa taratibu vidoleni, halafu huoshwa. Yale manyoya ya ngozi yanayonasa uzi huondoka. Usifanye hivyo penye jeraha bichi. Na usijipake limau, ingawa wengi hulisifu, kwani huchoma penye mipasuko, na ukitoka juani na maji yake mkononi ngozi yaweza kuungua na kubaki na mabaka.

Tondoo nalo nilimnunulia. Alilivaa siku mbili akalitundika msumarini, akisema linamziba masikio ya kidole.

Lipo jambo moja lililonitia hofu. Jirani alikuwa amempa mrija wa dawa ya ngozi, ambao haukuandikwa na mganga yeyote, nao ulikuwa na steroidi. Siku za mwanzo dawa ya namna hiyo hutuliza mwasho, na mtu huisifu. Ikitumiwa muda mrefu hukondesha ngozi, na kama chanzo ni fangasi, huusambaza. Fangasi wa viganja ana alama yake: mara nyingi hukausha mkono mmoja tu huku nyayo zote mbili zikiwa na magamba. Ukiona hivyo, nenda zahanati kabla ya kupaka chochote.

Na hapa, ndugu msomaji, nakuomba usiruke. Sindano ikikuchoma usihisi maumivu, huo si ukavu wa kawaida. Ganzi mikononi pamoja na ngozi kavu au baka lisilohisi yaweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini mwetu. Dawa zake hutolewa bure na huponya, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa hairudi. Nilimchoma mama mkubwa kidole kwa kidole kwa ncha ya sindano yake mwenyewe, kumi vyote, naye alinikemea kumi vyote, nikafurahi.

Mipasuko ilichukua takriban miezi miwili kufunga. Ule wa kidole gumba hufunguka tena kila msimu wa korosho, naye huufunga kwa kipande cha nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya ufuta, mafuta yakiwa mara nne ya uzito wa nta. Kofia anayoshona sasa ameagizwa na bwana harusi wa Ikwiriri, na bei wamekubaliana kabla.