Kinamasi Kilichoinuka Karatasini

Msomaji mpenzi, pengine nawe unacho kinamasi karibu na nyumbani, na pengine wakiona ni mahali pa mbu tu. Hivyo ndivyo nilivyokiona changu, huku kwetu bonde la Malagarasi. Nikaanza kuchimba mfereji niyatoe maji, nipande mahindi.

Siku ya wazazi shuleni, mjukuu wangu alinionyesha picha aliyoichora: mafunjo, kambare, vyura, na nzohe, yule mnyama mwenye kwato ndefu apitaye matopeni bila kuzama. Mwalimu akanipa simu yake, akaniambia niielekeze kwenye karatasi.

Lo! Kiooni mafunjo yale yalisimama juu ya meza, na mvua ikanyesha. Kamera huitambua michoro, kisha programu huweka juu yake picha zinazotembea. Niliona mizizi ikiyanasa matope, na maji yakishuka polepole mpaka kisimani. Mjukuu akagusa kioo, mafunjo yakatoweka. Mvua ile ile ikaja tena. Mara hii maji yalikwenda mbio mpaka milangoni mwa watu, na kiangazi kisima kikakauka.

“Babu, mfereji wako ungekuwa wapi hapa?” akaniuliza. Wazazi wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Si sisi peke yetu tunaohusika. Tarehe 2 Februari 1971, mjini Ramsar, Iran, mataifa yalipatana kuzilinda ardhi oevu. Mwaka 2000 Tanzania iliandikisha Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza katika nchi yetu, kisha Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Nami nalikuwa naharibu kwa jembe kipande changu!

Lakini usidhani simu ndiyo iliyofundisha yote. Kabla ya kuchora, watoto walipelekwa kinamasini wakatazame kila jani. Mkono hauwezi kuchora ambacho jicho halikukiona. Simu ilikitembeza tu kile walichokwisha kukiona.

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akiomba penseli, mpe. Akiomba kwenda kinamasini, fuatana naye. Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mahindi ya msimu mmoja ni msala. Kisima ndicho mbachao.

Mfereji wangu nimeufukia. Mjukuu ndiye aliyenishikia koleo.