Kabla Hujashusha Mshipi

Ukitaja besi Nairobi, mtu anafikiria spika za matatu. Huku Buffalo, jimbo la New York, besi ni samaki. Tena si yule wa Naivasha. Yule aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na mdomo wake ni mkubwa. Huyu wa Ziwa Erie ni binamu yake wa mdomo mdogo: rangi ya shaba, macho mekundu, mistari ya wima ubavuni, na nguvu ambazo hazilingani kabisa na mwili wake. Akiwa na kilo mbili tu, utajiuliza ni nani anamvua mwenzake.

Mwezi wa Juni unaweza kumpata karibu na ufuo, kwenye maji ya kiunoni, na hata mtoto atamnasa. Kazi iko Oktoba. Maji yakianza kupoa, anashuka mita 9, 10, hata 12, anajikusanya na wenzake juu ya mwamba au changarawe, na wewe huku juu unaona maji matupu. Unaweza kuzunguka siku nzima usiguse hata mmoja, kumbe wamejaa chini yako.

Kwanza ujue anakula nini huko. Anakula gobi, kisamaki chenye kichwa kikubwa, saizi ya kidole. Gobi si wa hapa. Kwao ni Bahari Nyeusi na Kaspi. Alionekana mara ya kwanza upande huu mwaka 1990, baada ya kusafiri ndani ya yale maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe. Mwaka 1988 walikuwa tayari wamegunduliwa kome wadogo wenye milia, waliokuja kwa njia hiyo hiyo. Kome wakachuja maji yakawa maangavu, gobi akala kome, besi akala gobi, akanenepa. Sisi wahamiaji tukisimuliwa hadithi hii tunatazamana tu.

Sasa, gobi hana mfuko wa hewa tumboni, ule unaomsaidia samaki kuelea. Kwa hivyo anaishi chini: anaruka kidogo, anatulia, anaruka tena. Ukishika hilo, nusu ya mbinu unayo. Chambo kinachoogelea kwa madaha katikati ya maji hakimdanganyi mtu.

Chambo ninachokiamini mimi kinaitwa tyubu. Ni mpira laini wenye uwazi ndani, mwisho wake una vijinyuzi kama miguu ya pweza. Unaingiza ndani ndoana yenye kichwa cha risasi, gramu 14 hivi, na upepo ukizidi unaongeza. Rangi ni kijani kilichochafuka kuelekea kahawia. Unakishusha mpaka kiguse chini, halafu unaacha upepo usukume mashua huku chambo kikiburuzwa nyuma. Usikichezeshe sana. Kidole chako kiwe juu ya mshipi, kwa sababu huko chini kidole ndicho jicho. Mwamba unakuja kama mtu anabisha hodi. Tope linakuja kama mwiko kwenye uji. Na besi, manze, mara nyingi hata hagongi. Mshipi unakuwa mzito tu, kama umenasa mfuko uliojaa maji. Hapo ndipo unainua fimbo kwa nguvu.

Sona ikionyesha kwamba wameinuka kidogo kutoka chini, nabadilisha. Chubwi linakaa mwisho wa mshipi, na ndoana ndogo yenye kisamaki cha mpira inafungwa kama sentimita 30 juu yake. Chubwi linatulia sakafuni, kisamaki kinaning'inia mbele ya pua yake. Unatikisa kidogo sana, ama unaacha mawimbi yafanye kazi. Maji yakishakuwa baridi kabisa, natumia bapa la chuma: unalinyanyua mpaka likutetemekee mkononi, kisha unaliacha lianguke huku mshipi ukiwa haujalegea sana, kwa sababu mara nyingi wanalidaka likiwa linaanguka.

Haya yote nimejifunza pamoja na Papa, mwenzangu kazini. Wakongo humwita hivyo mwanaume wa rika la baba, nami nimezoea. Kwao ni Kalemie. Alivua dagaa usiku kwa taa kwenye Ziwa Tanganyika, na kwa dagaa hao watoto wake walienda shule. Tulichanga tukanunua mashua kuukuu ya aluminiamu. Chambo cha mpira kilimchekesha. Kilichomuudhi ni desturi ya hapa: unamvua besi, unampiga picha, unamrudisha majini.

"Sasa unamurudisha juu ya nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nikamwambia ni ili ziwa lisiishiwe. Akanyamaza, lakini si kunyamaza kwa kukubali.

Halafu kuna macho. Mkirudi gatini na besi wawili kwenye ndoo, leseni mfukoni, kila kitu halali, bado kuna watu watakaowaangalia kama mmeiba. Ukiwa mweusi na lafudhi yako, kurudisha samaki ni njia ya kupita bila maneno.

Novemba iliyopita tulikuwa mita 12. Mashua ya jirani ikamtoa besi mkubwa. Picha, kelele, wakamrudisha kwa upole kabisa. Hakushuka. Alilala ubavu, tumbo limevimba, akipiga mkia bila kwenda popote. Shakwe wakaanza kuja. Papa alimtazama muda mrefu.

"Balimuua," akasema, "kisha balimurudisha."

Tofauti na gobi, besi anao mfuko wa hewa, na umefungwa, hauna njia ya kucheulia. Mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Ukimvuta ghafla, ile hewa inataka kutanuka mara mbili, na mwili wake unahitaji saa nyingi kuipunguza. Kuna wanaoutoboa mfuko kwa sindano ili ashuke. Wenye mkono mzuri wanaweza. Ukikosea unachoma viungo vingine.

Kwa hivyo pale kwenye kina, kurudisha si lazima kuwe huruma, na kula si lazima kuwe uroho. Uamuzi unafanywa kabla hujashusha mshipi. Tukitaka mchezo, tunabaki mita 6 kuja juu, na kila besi anarudi akiwa na nguvu zake. Tukienda kwenye kina, tumeenda kutafuta chakula: watatu, wanne, ndani ya sheria ya jimbo na ya ushauri wa idara ya afya kuhusu samaki wa ziwa hili. Wakitimia, tunaondoka. Macho ya gatini tunayapita tukisalimia.

Kuondoka ndiyo mbinu ngumu kuliko zote. Wiki jana, samaki wa nne aliingia saa tatu asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia, jambo adimu Novemba, na sona ilikuwa imejaa alama. Nilikuwa nimeshika tyubu nyingine mkononi. Papa akawasha injini.

"Inatosha," akasema. "Bugali inangoja."