Nani Kati Yenu Anasoma Kijerumani?



Muhula uliopita sisi mafrateri wanne wa falsafa tulipewa kazi ya kikundi. Swali lilikuwa fupi: je, kihamba cha Mchagga ni mali binafsi kwa maana ile anayoitetea Papa Leo XIII katika Rerum Novarum ya mwaka 1891? Tulipolisoma tulicheka kidogo. Hapa mteremkoni juu ya mji wa Moshi tumezungukwa na vihamba. Ukifungua dirisha la darasa unaona migomba, na kahawa chini yake. Wawili wetu wamezaliwa humo humo. Tukajiambia kazi hii ni ya juma moja.

Ilirudi haina alama. Padre mwalimu alikuwa amezungushia tanbihi moja kwa kalamu nyekundu. Tanbihi hiyo ilimtaja Bruno Gutmann, Das Recht der Dschagga, 1926, pamoja na namba ya ukurasa. Akatuuliza mbele ya darasa zima: "Nani kati yenu anasoma Kijerumani?" Kimya. "Basi kitabu hiki mlikionea wapi?"

Hatukukiona. Tanbihi ile tuliiokota kwenye tovuti isiyo na jina la mwandishi, tukaibandika kwetu kama tulivyoikuta. Hatukukusudia kumdanganya mtu. Tuliona tu kwamba inapendeza. Lakini tanbihi ni ushahidi. Anayeiandika anamwambia msomaji, "Nilifika, nikaona." Tulikuwa tumeshuhudia tusichokiona, nasi ni watu tunaojiandaa kuaminiwa kwa maneno yetu. Usiku ule chakula hakikushuka vizuri.

Padre alitupa majuma matatu. Safari hii tuliziacha simu chumbani, tukakaa na karatasi tupu. Mara ya kwanza tulikuwa tumeandika swali zima kwa Kiingereza kwenye Google, tukafungua majibu yaliyotangulia mpaka bando likakata. Sasa tulijiuliza jambo ambalo hatukuwa tumejiuliza: nani hasa angekuwa na sababu ya kuandika juu ya kihamba, mwaka gani, na angemwitaje Mchagga?

Hapo ndipo utamu ulipoanza. Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, aliandika "Jagga". Wajerumani waliandika "Dschagga". Charles Dundas, mtawala Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1924 ana "Wachagga". Otto Raum mwaka 1940 akaandika "Chaga", g moja tu. Kwetu sisi hao ni watu wale wale, lakini mashine ya kutafutia haijui kwamba Chaga na Chagga ni ndugu. Ukiandika jina moja inakuletea kizazi kimoja cha waandishi, na wengine wote wanabaki gizani. Kwa hiyo tuliandika majina yote pamoja, tukiweka OR kwa herufi kubwa katikati yake, na jina la kitabu tukalifunga ndani ya alama za kunukuu ili maneno yake yasitawanyike.

Kihamba nacho kilitusumbua. Mashine zilizozoea Kiingereza hutazama mkia wa neno, kwa sababu wingi wao uko mkiani. Wingi wetu uko kichwani. "Kihamba" na "vihamba" kwake ni maneno mawili yasiyojuana, na tulipoongeza la pili tulipata makala ambazo hatukuwa tumeziona kabisa.

Mwenzetu mmoja akasema, "Na isale je?" Kila aliyekulia huku anaujua mmea ule unaooteshwa mpakani, ambao jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Tulipotafuta kwa jina la Kichagga tulipata kidogo sana. Tulipotafuta kwa jina la wanabotania, Dracaena, tulimpata Michael Sheridan, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 2008 juu ya mmea huo huo na mipaka ya ardhi hapa Tanzania. Mmea unaota nje ya dirisha letu, nasi tukaufikia kwa Kilatini! Angalau miaka ya kukariri Kilatini imelipa.

Maktabani tulikuwa tumesimama kwenye rafu moja tu, ile ya 960, historia ya Afrika. Kumbe kihamba kinakaa pia kwenye 340 pamoja na sheria, na kwenye 390 pamoja na mila. Ndivyo tulivyofika kwa Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuatilia zile zinazoitwa sheria za mila hapa Kilimanjaro toka 1880 hadi 1980. Toka kwake tulitembea pande mbili. Nyuma, kwa kusoma tanbihi zake na kuona alikochota. Mbele, kwa kutazama kwenye Google Scholar nani aliyemnukuu baadaye. Njia ya mbele hatukuwa tunaijua kabisa.

Moore alitubomolea hoja. Tulikuwa tumeandika kwamba kihamba "tangu zamani hakiuzwi kamwe", tukidhani hiyo ndiyo heshima kwa wazee. Yeye anaonyesha kwamba kile kinachoitwa mila kimekuwa kikibadilika, kahawa na fedha vikiingia na utawala wa kigeni ukiandika sheria zake. Kisha tulitafuta kwa kuuliza nani alibishana na nani, tukafika kwa Mwalimu Nyerere na kijitabu chake cha mwaka 1958, Mali ya Taifa, anapokataa ardhi ya Tanganyika kugeuzwa bidhaa ya mwenye fedha. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Leo XIII, Nyerere, na baba mzazi anayemwachia kitindamimba boma: kila mmoja anaposema "yangu" hasemi kitu kile kile. Swali letu la juma moja likawa swali kweli.

Siku za mwisho mama mkutubi alitutazama tukirundika vitabu, akauliza kwa upole, "Mmetafuta kwa Kiswahili?"

Hatukuwa tumetafuta. Wanne sisi, wasemaji wa Kiswahili, tunaandika juu ya Wachagga tukiwa Kilimanjaro, na hakuna aliyeandika neno moja la Kiswahili kwenye kisanduku cha kutafutia zaidi ya kihamba chenyewe. Tuliandika "Mchagga", umoja, kama tunavyosema sebuleni. Akatokea Mangi Petro Itosi Marealle na kitabu chake cha mwaka 1947, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Mchagga mwenyewe, kwa lugha yetu, miaka mingi kabla hatujazaliwa. Aibu hii ilituchoma kuliko ile ya Kijerumani.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kufika kwa shahidi wa mwisho. Jumapili baada ya Misa mwenzetu alimpigia bibi yake Rombo, akaweka simu kwenye spika, nasi tukaandika. Tulimnukuu kama wengine: mahojiano ya simu, tarehe, kwa ruhusa yake.

Gutmann tulimbakiza, ila safari hii tuliandika kwamba ananukuliwa na Moore, na ukurasa tuliotaja ni wa Moore, tulioushika mkononi. Pembeni yake Padre aliweka alama ndogo ya vema. Pembeni ya maneno ya bibi aliandika swali: "Binti asiyeolewa je, naye ana mahali pa kuzikwa ndani ya kihamba cha baba yake? Mwulizeni."

Tunashuka Rombo likizo ya Pasaka. Simu haifai kwa swali kama hilo.