Inua Macho Ukifika Hell's Gate

Ukikodi baiskeli kwenye lango la mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, usikodolee pundamilia peke yao. Simama, utazame majabali. Yale madoa meupe kama chokaa iliyomwagika ni kinyesi cha tumbusi aitwaye wa Rüppell, na hapo ndipo penye viota.

Sura hana, naam, lakini kwa makao ni mteuzi sana. Hutaka jabali refu, na nchini mwetu majabali ya kumfaa ni machache. Kundi jingine kubwa liko Kwenia, Kajiado. Hutaga yai moja tu, kisha huruka mbali mno akitafuta mzoga. Hivyo anayelala Naivasha aweza kufia Narok.

Na wanakufa kwelikweli. Simba akila ng'ombe, mwenye mifugo hutia mzoga sumu. Simba mlengwa ni mmoja, tumbusi huanguka kwa makumi. Simlaumu sana mfugaji. Ng'ombe huyo ndiye karo ya shule. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa tumbusi wa Masai Mara walikuwa wamepungua kwa nusu hivi au zaidi katika miaka 30. Mnamo 2015 aina hii ikaorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Siku hiyo nilihesabu wanne. Mwanangu alishikilia ni watano. Tulibishana mpaka lile nililodhani ni jiwe likakunjua mbawa.