Kamera ya kuazima hadi Geita

Basi bwana, nikateremka Shinyanga na kamera ya kuazima, nitengeneze filamu ya mtoto anayelelewa na ndugu huku akinyanyaswa. Wenyeji wakanipeleka Buhangija, kituo kilichopokea watoto wenye ualbino waliokimbia mauaji ya miaka ya 2000. Wengine, wazazi hawakurudi tena kuwaona! Noaz Deshe aliigusa mikasa hiyo katika White Shadow ya 2013; mama anamkimbizia mwanawe mjini.

Geita nikafika kupitia Kahama, vumbi mpaka kwenye meno. Kijana mmoja mponda mawe ya dhahabu akakubali kuigiza.

“Nani amekulea?”

“Mjomba. Shule aliniachisha yeye.”

Jioni nikatoa posho. Mjomba alikuwa keshafika, mkono kaunyoosha.