Kwa Mashua Kutoka Kilwa Mpaka Pangani

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Wenzangu wakiniuliza nilikwenda wapi katika likizo ya mwezi wa Juni mwaka 2024, nami nikawajibu kwamba nilisafiri siku 12 kutoka Kilwa Kivinje mpaka Pangani, wengi hucheka. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, mtu wa Kilwa hupanda basi asubuhi, na jioni yuko Dar es Salaam. Kwa nini basi mtu atumie siku 12? Naona ni vizuri niieleze safari ile katika gazeti letu. Siielezi kwa kujisifu, maana ndani yake nilitenda kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

Babu yangu ni mzaliwa wa Kivinje, na Bibi ni mtu wa Pangani. Tangu walipooana walikaa Kivinje, na Babu alikuwa mvuvi na mchukuzi wa mizigo kwa mashua yake mwenyewe. Mwaka ule dada yake Bibi alibaki peke yake katika nyumba ya wazee wao Pangani, na miguu yake ilikuwa haina nguvu tena. Basi wakakata shauri wahamie huko. Walitoa vitu vyao vingi, wengine wakapewa kuku, wengine vitanda. Lakini mashua Babu hakukubali kuiuza. Mjomba alipomshauri aiuze na kupanda basi, Babu alimjibu, "Mashua hii ndiyo iliyokusomesha wewe. Nitaiachaje ufukweni kama mtu asiyejua fadhila?"

Mjomba akanyamaza, ila akaweka sharti kwamba mimi niende nao. Babu alikuwa na miaka 70 na Bibi 63, na foromali ya tanga si nyepesi. Tena macho ya Babu yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho. Mjomba alitununulia pia maboya matatu ya kuvaa, akatuapisha tusiyavue.

Mashua yetu ina urefu wa mita 8 na mlingoti mmoja. Kabla ya safari tuliipandisha pwani, tukaikalafati kwa pamba na mafuta, kisha tukaipaka deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasiutoboe ubao. Tukapakia madumu ya maji, gunia la mchele, jiko la mkaa ndani ya sanduku la mchanga, godoro, na sanduku la nguo za Bibi. Mimi nilichukua vitabu vyangu na daftari moja la kuandikia habari za safari.

Tuling'oa nanga tarehe 3 Mfungo Tatu, maji yakiwa yamejaa saa kumi na mbili asubuhi. Upepo ulikuwa kusi. Darasani tulijifunza kwamba kusi huvuma toka upande wa kusini kuanzia kiasi cha mwezi wa Aprili hata Septemba, na kwamba kaskazi hurudi kinyume chake kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi. Tulijifunza pia kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa vyombo vya namna hiyo. Lakini kusoma habari za pepo na kuzisikia mgongoni ni mambo mawili. Tanga lilipojaa, mashua iliinamisha ubavu ikaanza kwenda, na mimi niliona fahari kama kwamba upepo ule nimeuleta mimi.

Siku ya kwanza jambo moja lilinishangaza. Babu ndiye nahodha, naye alishika kana ya usukani, lakini hakuna alilofanya bila kumwuliza Bibi. "Waonaje mbele?" Bibi, aliyekaa karibu na gubeti, alijibu, "Naona maji meupe mkono wa kuume." Baada ya kitambo kidogo Bibi naye huuliza, "Wasemaje upepo?" Babu hugeuza shavu lake, akajibu, "Utaongezeka adhuhuri. Tule mapema." Hayo yaliendelea kutwa nzima. Kwetu wako wazee wasemao kwamba mwanamke chomboni huleta mkosi. Na mimi, ingawa sikusema neno, moyoni niliona kwamba nahodha anayeuliza kila kitu amekwisha zeeka.

Usiku ule tulilala Songo Songo, kisiwa ambacho gesi yake hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Siku ya pili tulifika Kilindoni katika kisiwa cha Mafia. Hapo kusi ilichafuka kwa mvua, tukapumzika siku mbili. Kisha tukashika njia ya ndani, kati ya Mafia na bara. Huko mawimbi si makubwa, kwa kuwa kisiwa huyazuia, na maji yana rangi ya udongo kwa sababu ya mto Rufiji. Upande wa bara ulikuwa msitu wa mikoko usio na mwisho. Tulilala katika kisiwa cha Kwale.

Kutoka Kwale mpaka Dar es Salaam ndipo nilipoijua bahari. Ukipita Ras Kimbiji hakuna kisiwa cha kukukinga, na mawimbi huja moja kwa moja toka bahari kuu. Nilitapika mpaka tumbo likabaki tupu. Bibi alinipa kipande cha ndimu ninyonye, akaniambia, "Tazama mbali, mume wangu, usitazame chini." (Mabibi wa kwetu huwaita wajukuu wao hivyo.) Jioni tuliingia Msasani, tukala sikukuu ya Idd kwa jamaa zetu. Tulikaa huko siku tatu.

Siku tatu hizo nilizitumia kwa hesabu. Nilikuwa nimepata alama nzuri za Jiografia katika mtihani wa nusu mwaka, nikataka kuonyesha kwamba elimu yangu ina faida chomboni. Bibi alikuwa ameeleza kwamba Pangani hakuingiliki wakati wowote, kwa sababu mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga, na chombo sharti kingoje maji yajae. Nami nilijua kwamba maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Basi nikaandika katika daftari langu hivi: Kivinje yalijaa saa kumi na mbili asubuhi. Safari yetu yote ni vituo saba, kwa hiyo mpaka siku ya kufika Pangani maji yatachelewa mara 6. Mara 6 kwa dakika 50 ni dakika 300, yaani saa 5. Kwa hiyo Pangani yatajaa saa tano asubuhi. Nilipiga mstari chini ya jibu, kama tufanyavyo katika mtihani, wala sikumwonyesha mtu.

Tukatoka Msasani, tukalala Bagamoyo, na kesho yake Saadani, ambako wanyama wa porini hufika mpaka pwani. Ufuko wa Saadani ni wa kina kifupi, na maji yakipwa huenda mbali sana. Babu na Bibi waliamka usiku wa manane kuiondoa mashua. Mimi walinihurumia wakaniacha nimelala, nikaamka jua limechomoza, mashua iko mbali katika maji.

Yapata saa nne na nusu Babu alinipa kana. Alikuwa hakulala tangu usiku. Akaniambia, "Fuata pwani hivi hivi. Ukiuona mlango wa mto, niamshe." Akajinyosha kivulini mwa tanga, akalala. Bibi alikuwa akipika, mgongo ameuelekeza mbele.

Saa tano na nusu niliuona mji, na nyuma yake vilima, na mahali ambapo pwani imekatika. Huo ndio mlango wa mto. Nilikumbuka maneno ya Babu. Lakini nilikumbuka pia daftari langu. Niliwaza kwamba maji yalijaa nusu saa iliyopita, na kwamba nikichelewa yataanza kupwa. Tena niliwaza, na hili ndilo nionalo haya kuliandika, jinsi itakavyopendeza Babu akiamka aikute mashua imetulia mbele ya mji. Sikumwamsha. Nikageuza kana, nikaelekeza gubeti mlangoni.

Tulikwenda hivyo kwa dakika chache. Bibi alisikia mwendo umebadilika. Aliinua uso wake toka chunguni, akatazama mbele, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu, wale ndege wamesimama juu ya nini?"

Nilitazama. Mbele yetu, mahali nilipodhani kuwa ni maji tu, ndege weupe walikuwa wamesimama safu, na miguu yao yaonekana mpaka chini. Walisimama juu ya mchanga. Na upande huu wa ndege wale mawimbi yalikuwa yakiinuka, yakigeuka rangi ya udongo, na kuvunjika.

Mikono yangu ilikufa ganzi. Bibi aliita, "Mzee!" mara moja tu. Babu aliinuka, wala hakuuliza ni nani aliyefanya nini. Akaniondoa kwenye kana, akasema, "Vuta demani!" Nikaivuta ile kamba kwa nguvu zangu zote, na Bibi akanisaidia. Mashua iligeuka polepole, ikapeleka uso baharini. Ilipokuwa ubavu wazi wimbi moja lilitupiga, likaingia ndani. Chungu kikapinduka, jiko likazimika, gunia la mchele likalowa, nami nikashika ndoo nikafua maji bila kuinua kichwa. Daftari langu lilielea miguuni pangu.

Tulipofika mbali Babu alituamuru tutue tanga. Nikatupa bildi, nikapata pima nne, tukatia nanga. Mashua ikawa inayumba vibaya. Kwa muda mrefu hapana aliyesema. Kisha nikawaeleza hesabu yangu yote. Nilitumaini watanigombeza, maana hilo lingekuwa rahisi kulivumilia.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kilindoni tulipumzika siku ngapi?"

"Mbili."

"Na Dar es Salaam?"

"Tatu."

"Sisi tulipumzika," akasema Bibi. "Mwezi haukupumzika."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilihesabu siku tulizosafiri, nikaziacha siku tano tulizokaa bure. Siku 5 kwa dakika 50 ni dakika 250, yaani zaidi ya saa 4. Maji yatajaa baada ya saa tisa alasiri, si saa tano. Nililinganisha hesabu hiyo na yote niliyoyapuuza: leo ni mwezi 14, bamvua, na kila mvuvi wa pwani yetu ajua kwamba bamvua hujaa karibu na saa kumi. Bibi akaongeza, "Tena ungeuliza tu, ningekuambia kwamba Saadani tulielea saa tisa usiku. Yatajaaje tena kabla ya adhuhuri?"

Babu naye akasema, "Mimi nimeingia mlango huu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Hata macho yangu yalipokuwa mazima, nilimwuliza mwenzangu. Unadhani nauliza kwa kuwa sijui? Nauliza kwa kuwa yeye anaona jambo ambalo mimi silioni, na nisipomwuliza atazoea kunyamaza. Chombo ambacho mmoja amezoea kunyamaza hakifiki mbali."

Tulingoja saa tatu na zaidi. Tulikula ndizi, kwa kuwa wali ulikuwa umekwenda baharini. Ndege wale waliruka mmoja mmoja mchanga ulipofunikwa, na yule wa mwisho aliporuka Babu aliniambia nitweke tanga. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Alinipa kana. Alikaa kando yangu, akasema, "Haya. Uliza."

Koo langu lilikuwa limekauka. Nikasema, "Bibi, waonaje mbele?"

"Naona maji meusi mkono wa kushoto," akajibu, akanyosha mkono wake kunionyesha. "Fuata hayo."

"Babu, wasemaje upepo?"

"Uko vizuri. Usiogope."

Tukapita juu ya lile fungu bila kuligusa, maji yakitusukuma kuingia ndani. Upande wa pili dada yake Bibi alikuwa ameletwa pwani juu ya kiti. Alikuwa amekaa hapo tangu mchana, akiutazama mlango wa mto. Alituona tulipokuja mara ya kwanza na kugeuka, akadhani tumekwisha zama. Alipomshika Bibi hakumwachilia kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda kufunga kamba, kwa sababu sikuweza kuwatazama.

Babu na Bibi wako Pangani mpaka leo. Babu alitibiwa jicho moja mwaka uliofuata, na sasa aona vizuri. Lakini nilipowatembelea niliwaona wakienda kutega madema kwa mashua ile ile, na kabla hawajafika mbali nilimsikia Babu akiita toka tezini, "Waonaje mbele?"

Daftari langu lililowa ninalo hapa bwenini. Wino umeenea, lakini ule mstari niliopiga chini ya jibu bado waonekana. Kila nimalizapo swali la hesabu na kutaka kupiga mstari wa namna ile, humwita kwanza mwenzangu wa kitanda cha jirani nikamwuliza aonaje. Mara nyingi jibu langu huwa ni sahihi. Namwuliza vivyo hivyo.