Uliza Kwanza Nani Anashika Nini

Mabalako, msimu wa kakao

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako ya kutoka Butembo imenifikia. Unasema fomula za fizikia umezishika zote kwa moyo, lakini ukipewa zoezi la kamba au la mti uliobebwa na watu wawili, hujui pa kuanzia. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na wanafunzi wenye akili nimewaona wakikwama hapo hapo. Usivunjike moyo.

Nasaha yangu ni moja. Kabla ya kuandika fomula yoyote, chagua kitu kimoja, ukitenge na vingine vyote, kisha uulize: nani anakishika? Anakivuta au kukisukuma mahali gani, kuelekea wapi? Uzito uandike wa kwanza, kwa sababu dunia huvuta bila kugusa. Kila jibu lichore kwa mshale. Mwanafunzi anayerukia fomula hutafuta namba za kujaza, lakini anayechora mishale tayari anaiona kazi yenyewe.

Tazama mizani ya kuning'inia ya wanunuzi wa kakao, iliyofungwa kwa kamba kwenye tawi la mti. Gunia la kilo 60 limetulia kwenye ndoano. Hapa kwetu karibu na ikweta, dunia huvuta kila kilo kwa newtoni 9.78 hivi, tuseme 10, hesabu iwe nyepesi. Gunia linaivuta mizani chini kwa newtoni 600, na tawi linaivuta juu kwa newtoni 600 (uzito wa mizani yenyewe tuuache). Wengi hujumlisha wakapata 1,200. Sivyo. Mvutano ni nguvu ambayo kamba inavuta kwayo kitu kilichofungwa kwenye ncha yake, na kamba nyepesi huvuta sawasawa kwenye ncha zote mbili. Mvutano hapo ni newtoni 600 tu, na mshale wa mizani unasoma kilo 60.

Sasa gunia hilo livutwe juu, mwendo wake ukiongezeka meta 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Mvutano unapanda hadi newtoni 720. Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba mvutano ni sawa na uzito kabla hujajiuliza kama kitu kimetulia.

Tufunge kamba kati ya miti miwili, tutundike gunia lile lile katikati. Kila upande wa kamba ukiinama digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, mvutano wake ni newtoni 600. Ukikaza kamba mpaka iiname digrii 5 tu, mvutano unafika karibu newtoni 3,440. Gunia halikuongezeka hata gramu moja! Sababu ni kwamba sehemu ya mvutano inayoelekea juu ndiyo peke yake inayobeba gunia, na kamba iliyolala huelekeza juu sehemu ndogo sana ya nguvu zake. Ndiyo maana anayekaza kamba ya turubai inyooke kabisa huiona ikikatika.

Tuje kwenye momenti, ambayo unasema inakutisha zaidi. Ni uwezo wa nguvu wa kuzungusha kitu: nguvu mara umbali wake kutoka mhimili, yaani nukta unayohesabia mzunguko. Umeona vijana wakimleta mgonjwa kwa kipoyi, yaani machela, kutoka vijijini mpaka kituo cha afya. Tuchukue wabebaji wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wameachana meta 2. Mgonjwa na kipoyi ni kilo 60. Kitovu cha uzito kiko karibu na kichwa zaidi, tuseme meta 0.8 kutoka kwa mbebaji wa kichwani. Kila mmoja anabeba kiasi gani?

Nguvu mbili hazijulikani, kwa hiyo chagua mhimili kwa busara: uweke pale pale kwenye bega la wa kichwani. Nguvu yake sasa haina umbali, basi momenti yake ni sifuri, imetoka kwenye hesabu. Uzito unazungusha upande mmoja kwa 600 mara 0.8, yaani newtoni-meta 480. Wa miguuni lazima azungushe upande wa pili kwa kiasi hicho hicho kutoka meta 2: anabeba newtoni 240. Zinazobaki, 360, ziko bega la mwenzake. Ndiyo sababu wabebaji wenye huruma hubadilishana nafasi njiani.

Kumbuka pia kwamba umbali hupimwa kwa pembe mraba, kutoka mhimili hadi mstari wa nguvu. Nguvu ikiinama, umbali huo unapungua. Hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Msawazo, basi, yaani kitu kutulia bila kusogea wala kuzunguka, una masharti mawili. Nguvu zote zikijumlishwa kwa mielekeo yake ziwe sifuri, na momenti zote ziwe sifuri. La kwanza pekee halitoshi: usukani wa gari ukivutwa kwa mikono miwili sawasawa, mmoja ukivuta juu upande mmoja na mwingine ukivuta chini upande wa pili, unazunguka ingawa nguvu zimefutana. Kanuni ya nyenzo aliieleza Archimedes wa Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na bado ndiyo inayoamua kama paa la shule litasimama au litaangukia watoto.

Mpwa wangu, vita vimekatiza masomo ya watoto wengi wa Beni. Wewe umepata nafasi ya kusoma, na huku tunahitaji watu wanaojua kwa nini daraja linabeba lori. Kabla ya mtihani wa Serikali, fanya tena hesabu ya kipoyi, mhimili ukiuweka kwenye bega la wa miguuni. Ukipata 360 na 240 tena, utajua kwamba mhimili ni uchaguzi wako na jibu ni la dunia. Nitumie daftari, kila zoezi lianze na mchoro. Nitasahihisha mishale kwanza, namba baadaye.

Mungu akulinde.

Mjomba wako